Mzigo Wenye Miguu

9 Februari 1986

Wifi yangu Spana,

Pokea salamu za nyumba hii, ambayo paa lake linavuja pale pale ulipopaacha. Mimi mzima. Mama naye mzima kupita kiasi: juzi kagombana na muuza mkaa mpaka yule bwana akamwongezea debe zima, ili mradi aondoke salama. Goti lake la kushoto linamsumbua asubuhi. Ikifika mchana analisahau. Anauliza unakula nini huko na lini unakuja. Nimemwambia la chakula nitakuuliza mimi, la kuja ujijibie mwenyewe.

Dukani tunaendelea. Kutwa nasaga vioo vya miwani, jioni narudi na vumbi jeupe puani kama mtu aliyelala kwenye chokaa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita niliingia stoo kutafuta ndoo, nikajigonga muundi kwenye pikipiki ya kaka yako. Miaka minne, wifi! Tangu tumzike hakuna aliyeigusa ila panya, nao wameitafuna siti wakabakisha springi tupu. Nilisimama pale nikaona nina njia mbili: nimwite mnunua vyuma chakavu, au niitengeneze. Nikaiweka ndoo chini, nikaenda kutafuta spana.

Najua unacheka. Wewe ndiye uliyeniaibisha mbele ya watu siku ile nilipoita kabureta "kikombe." Cheka umalize, kisha unisaidie. Injini imetoka kwenye fremu, iko chumba cha nyuma juu ya meza ya kupigia pasi. Kila nati iko kwenye kopo lake, na kila kopo lina kikaratasi chenye jina. Kichwa cha injini kimefunguka bila matata. Tatizo ni pistoni: imegandia ndani ya silinda kama jino la mtu mkaidi. Nimegonga kwa nyundo na kipande cha mti, haijali.

Nifanyeje?

Wako,
Miwani


2 Machi 1986

Kwako Miwani, mke wa kaka yangu,

Barua yako ilinikuta chini ya pampu, nikaisoma nimelala chali. Hilo doa hapo pembeni ni grisi, usije ukadhani ni chozi.

Huku salama. Mwambie mama ninakula, tena nafuta sahani. Kuja nitakuja. Kwa sasa pampu tatu za mji zimekufa kwa pamoja na msimamizi ni mimi. Nikiondoka watu watakunywa vumbi.

Nimecheka, ndiyo. Halafu nikaacha kucheka. Pikipiki ile iliundwa mwaka niliozaliwa. Nilijifunzia hapo, miguu haigusi chini, kaka ananikimbilia ubavuni anapiga kelele, "Breki! Hiyo si breki, hiyo ni klachi! Una kichwa kigumu kama spana!" Jina likanikaa mpaka leo. Nilidhani umeshaiuza, nikawa naogopa kuuliza. Asante kwa kutoiuza.

Sasa sikiliza. Weka nyundo chini. Chuma kilichoganda hakipigwi, kinabembelezwa. Changanya dizeli na oili nyepesi, mimina juu ya pistoni, acha. Kila jioni ongeza kidogo, kisha jaribu kuzungusha krenki, ule mhimili wa chini, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga. Ikikubali hata kwa unene wa unywele, umeshinda.

Silinda ikitoka, ingiza kidole upapase kwa ndani, karibu na juu. Ukikuta ukingo, kama ngazi ndogo, basi imelika na itabidi ipanuliwe.

Na jambo jingine. Injini ile mimi na kaka tulikuwa tukiinyanyua wawili, na mimi si mlegevu. Hukunieleza ni nani alishika upande wa pili.

Wifi yako,
Spana


30 Machi 1986

Wifi yangu,

Tuko salama, na mvua imetuthibitishia kuwa paa lina tundu la pili. Mama amejaa mashavu. Anasema ni mkate, kwamba siku hizi mkate wa mtaa huu umekuwa mzuri ajabu. Mimi sina maoni.

Pistoni imetoka! Niliibembeleza kama ulivyosema, jioni baada ya jioni, mpaka nikaanza kuizungumzisha. Siku moja nikasikia "pwu," kama kizibo cha chupa. Nikapiga yowe, mama akaja mbio na goti lake akidhani nimekatika kidole. Aliponikuta nimekumbatia chuma chenye masizi alitikisa kichwa, akasema, "Nilimwoza mwanangu kwa mwanamke mwenye akili timamu." Lakini amekasirika kweli kuhusu sufuria yake ya maziwa, ambamo nilizichemshia vali kwa sabuni. Nimemnunulia nyingine, ile sasa ni mali ya injini.

Kusaga vali sikuhitaji mwalimu, wifi. Ni kazi yangu ile ile ya vioo: unga, mzunguko na subira. Nilipomaliza nilimimina mafuta ya taa juu yake, nikaenda kunywa chai. Niliporudi hata tone moja halikuwa limepenya. Nilijisikia nimekua kimo.

Beringi kubwa ya krenki ilikuwa inacheza. Fundi mmoja wa sokoni kanibadilishia kwa mashine yake ya kushindilia, na mimi nimesimama pembeni namhesabia pumzi. Habari mbaya ni silinda. Ukingo upo, hata ukucha unakwama.

Basi nina ombi. Kama lazima ipanuliwe, ipanuliwe hasa. Nataka nguvu zaidi. Unakumbuka kile kilima cha kuja huko kwako? Ikifika katikati ilikuwa inaanza kukohoa, kaka yako anashuka, mimi nashuka, tunasukuma na nguo zetu za safari. Nataka ikipande kilima kile ikiwa na mzigo, bila mtu kushuka.

Kuhusu kunyanyua injini: ilinyanyuka.

Miwani


21 Aprili 1986

Miwani,

Huku wazima. Pampu mbili zimefufuka, ya tatu inanitazama tu. Mwambie mama habari za mashavu nimezipata, na kuhusu kuja, nangoja hii ya tatu ipone.

Umenifurahisha na vali. Nimewasimulia wenzangu hapa karakana, wanauliza kama unatafuta kazi.

Silinda nitumie. Basi la Ijumaa linapita mbele ya geti letu, konda tunajuana. Hapa tuna injini za pampu ambazo pistoni yake ni pana kuliko yako kwa milimita nne, na uso wake umeinuka kidogo. Hapo ndipo nguvu itakapotoka. Nitang'oa silivu ya zamani, lile bomba la ndani ya silinda, niingize mpya, niikereze ikae sawasawa. Pistoni nitaikwangua kwa ndani ipungue uzito, la sivyo injini itatetemeka mpaka meno yakulegee. Wewe tafuta kabureta yenye mdomo mpana na breki ya mbele iliyo kubwa kuliko hiyo. Usinibishie juu ya breki. Nguvu bila breki ni ugomvi bila mpatanishi.

Lakini nieleweshe kitu. Wewe una uzito wa kuku aliyenyeshewa. Kwa mtu kama wewe pikipiki ile ilivyo inatosha na kubaki. Sasa unasema "mzigo." Sina neno, ila springi za nyuma huchaguliwa kwa kilo, na mimi ni fundi, sikisii. Niandikie mzigo huo una kilo ngapi.

Na kama una miguu, nijulishe.

Spana


11 Mei 1986

Wifi yangu, Spana wangu,

Mama hajambo, anakusalimu, na ameniambia niandike barua hii leo na nisilale nayo. Silinda nimeifunga kwa shuka na kamba, nitampa konda mkononi, barua juu yake.

Kilo mia moja na nane. Una miguu.

Ni mwokaji wa ile bekari mpya ya kona. Mtaa mzima unamwita Chachu kwa ajili ya umbo lake, naye anaitika. Mwaka jana alikuja dukani kutaka miwani, maana alikuwa haoni tena rangi ya mkate ndani ya tanuru. Nikamsagia vioo. Akarudi: vinaingia mvuke. Nikavirekebisha. Akarudi: fremu inabana. Nikailegeza. Mara ya nne niliigeuza ile miwani juu chini, nikamwambia, "Bwana, hii haina kasoro yoyote." Akasema, "Najua." Akabaki amesimama pale, masikio yamemwiva.

Ni mgane. Mkewe alifariki zamani, na anamtaja bila kuficha, na mimi namtaja kaka yako bila kuficha, na hakuna anayejikunyata. Ndiye aliyeshika upande wa pili wa injini. Pikipiki zenyewe anaziogopa kama nyoka. Alipoona inaanza kurudi kuwa pikipiki, aliuliza kwa upole kama siwezi kuibakiza mezani.

Anataka tuoane. Nami nataka.

Nilimwambia mama kwanza, nimekaa chini miguuni pake. Alikunywa kwanza chai yake yote. Kisha akauliza, "Atahamia hapa, au unanipeleka mimi kwenye moshi wa tanuru?" Nikamwambia atahamia yeye. Akasema, "Basi aanze na paa." Na kweli, wifi, paa limezibwa. Alipanda kwa ngazi ya jirani, ngazi ikilia kama mtoto.

Uliyebaki ni wewe. Pikipiki ni ya kaka yako, na wewe ndiye damu yake. Ukikataa nitajua kuna la kufanya, ila sijui ni lipi.

Miwani


29 Juni 1986

Wifi,

Mama alishikwa na mafua, sasa yamemwachia. Dukani tumepata mashine mpya ya kupimia macho, na kila mteja anadhani inapiga picha.

Konda anasema kifurushi alikukabidhi mwenyewe, na barua ilikuwa juu yake. Kwa hiyo ilifika.

Sikuandikii kuulizia silinda. Kaa nayo. Injini nimeifunika kwa kitambaa cha meza, na nikipiga pasi napigia sakafuni.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo linanizunguka kichwani. Mimi na kaka yako hatukujaliwa mtoto. Hakuna kiumbe ambacho ukikitazama utasema huyu ni wetu sote. Kati yangu na wewe kuna neno moja tu, wifi, na neno hilo nilipewa na yeye. Nikiolewa na mtu mwingine nitakuwa nani kwako? Watu wakiniuliza, "Yule fundi wa pampu ni nani wako?" nitawajibu nini? Mawifi wengine hawapikiki chungu kimoja. Mimi wa kwangu alinishika mkono siku nilipokuwa siwezi kusimama. Nimekuzoea. Sijui jinsi ya kukuzoeuka.

Na nyumba ni yenu. Ukisema tuhame, tutahama. Mama akitaka nitakwenda naye, asipotaka nitakuwa nakuja kila siku kumpaka dawa ya goti.

Chachu haulizi kitu. Analeta mkate asubuhi, anaufunika, anaondoka.

Miwani


20 Julai 1986

Miwani,

Niko hai na afya ninayo.

Wiki iliyopita konda wa basi aliingia karakana mpaka kwenye mashine yangu, akavua kofia, akasimama wima kama mwanafunzi. "Mama yako katuma maneno," akasema, "na kanikaririsha. Anasema usipotuma hilo dude la chuma atakuja kulichukua mwenyewe, na kurudi utambeba wewe mgongoni." Karakana nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, na nilipomaliza kucheka niliwasha mashine. Silinda hii hapa.

Nilikasirika, sikufichi. Siku mbili. Ya tatu hasira ikaisha, na kilichobaki kikawa kigumu zaidi. Kila jioni wenzangu wakiondoka niliiweka silinda kwenye mashine, nikaitazama, nikaitoa. Mle ndani kuna mikwaruzo aliyoiacha kaka, miaka yote ile ya kwenda kazini na kurudi nyumbani. Silivu mpya ikiingia, hiyo ya zamani ni ya kutupa. Mkono wangu ukawa unakataa.

Na kuhusu kuja kwangu. Pampu ya tatu ilipona siku nyingi. Siji kwa sababu najua nikiingia uani hapo nitamtafuta kwa macho, na sina hakika kama sitamwita. Nilikuwa najiambia: nyumba ipo, mama yupo, Miwani yupo, siku nikiwa tayari nitakwenda. Ulipoandika habari za huyo bwana, niliona kama mlango unafungwa nami bado niko njiani. Hukufanya kosa. Nakueleza tu kilichonifunga mdomo.

Nyumba ni ya mama, na mama amekwisha kuhukumu; sijaona aliyewahi kushinda rufaa kwake. Olewa. Kaka hakupenda kitu kizuri kikae stoo.

Lile uliloniuliza, kwamba utakuwa nani kwangu, sina jibu. Nimeliwaza sana. Sitaki kukupoza kwa maneno matamu halafu baadaye yakutoke mkononi.

Ya kiufundi ndiyo ninayoyaweza. Ringi zipake oili, na nafasi zake zisikae mstari mmoja. Gasketi nimekukatia ya shaba. Kaza nati za kichwa kwa msalaba, kidogo kidogo, usimalize moja peke yake. Springi za nyuma ni za kilo mia na ishirini, maana waokaji huongezeka. Na kilomita elfu za mwanzo usiikimbize hata kama unafukuzwa. Injini mpya hulelewa.

Spana


31 Agosti 1986

Wifi yangu (nitakuita hivyo mpaka siku utakayonikataza),

Mama mzima, ana ushindi usoni tangu konda arudi. Niliisoma barua yako mlangoni, kifurushi miguuni. Mama akauliza, "Kasemaje?" Nikamwambia, "Kasema niolewe." Akasema, "Karatasi zote hizo kwa neno moja?"

Nimeisoma mara nyingi. Ile silivu ya zamani, kama hujaitupa, usiitupe. Niwekee.

Na ulivyoikereza, wifi! Mimi ni msaga vioo, naujua uso uliosawazishwa na mtu anayejali. Niliielekeza silinda dirishani nikachungulia kama darubini: hakuna hata kivuli. Niliifunga injini kwa wiki mbili, kila jioni kidogo, na msalaba wako wa nati niliuchora kwa chaki ukutani.

Jumamosi tuliitoa uani. Mama kwenye kiti chake, Chachu nyuma ya mlango, anachungulia kwa jicho moja. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya sita, kimya, na mguu umeanza kunitetemeka. Nikatoa plagi, nikaifuta, nikairudisha. Kimya. Hapo mama akasema taratibu, "Kale kabomba chini ya tangi, marehemu hakuwa akikageuza kwanza?"

Petroli, wifi. Sikuwa nimefungua petroli.

Kiki iliyofuata iliwaka, na vioo vya dirisha la jikoni vikajibu. Nililia na kucheka kwa pamoja, pua imejaa moshi, mama anapiga makofi. Chachu alitoka nyuma ya mlango, akaizunguka kwa mbali mara mbili, kama mtu anayetafuta mahali pa kumshika ng'ombe. Kisha akavaa kofia ngumu, akapanda. Nilikwenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, gia ya pili, mwendo wa bibi harusi. Aliposhuka nilimuuliza safari ilikuwaje. Akasema macho aliyafumba yote, ila mgongo wangu unanukia sabuni.

Tulioana Alhamisi. Watu wachache, na kwenye picha mama kakaa katikati yetu, hakuna aliyethubutu kumsogeza.

Mwezi wa kumi nina likizo. Tutakuja kukuona, polepole kama ulivyoagiza, tukilala njiani. Usiniandikie kwamba kuna pampu.

Miwani


19 Oktoba 1986

Miwani,

Natumaini mmefika, na miguu ya Chachu imenyooka. Mwambie mama mkate wake umefika mzima na sikumgawia mtu, hata aliyeomba kwa adabu. Ile silivu ya kaka natumaini haikuvunja mgongo wa begi lako. Niliifuta vizuri.

Kuna mambo sikuyasema mlipokuwa hapa. Unanijua, uso kwa uso mimi ni bubu. Mpaka nishike kitu mkononi ndipo maneno yanakuja, na kalamu ni kitu.

Mlinikuta nimeinamia mashine, nikashtuka kama mtu aliyekuwa hajui. Uongo mtupu. Tangu asubuhi nilikuwa nje, nimekaa juu ya bomba, natazama kilima. Nilikuwa na hofu moja tu, nayo ni sauti. Muungurumo wa pikipiki ile ninaujua kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Nilijua nitausikia, moyo wangu utaruka, kisha nitaona si yeye aliyekaa mbele. Nilikuwa nimejikaza kwa ajili ya hilo kama mtu anayengoja sindano.

Basi ikaja. Niliisikia kabla sijaiona, kule chini kwenye kona, inashusha gia. Na haikuwa ile, Miwani. Ilikuwa nzito, imetulia, inasema kutoka kifuani, na ilipanda kilima chote bila kubadili kauli. Nikajikuta nimesimama nasema kwa sauti, "Pistoni yangu hiyo!" Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo akanitazama akahama njia. Sikumtafuta kaka. Nilikuwa nasikiliza injini, na mnapanda, na iko sawa. Nilikimbilia ndani kabla hamjakata kona ya geti.

Halafu Chachu akaingia. Wewe ulikuwa bado nje unaipandisha kwenye stendi. Alikuwa ameshika ukuta, anatembea kama mtu aliyepanda farasi wa mbao wiki nzima, kofia imemkaa juu ya kichwa kama kifuniko cha sufuria ndogo, miwani yote vumbi hata sijui alikuwa ananiona vipi. Akasema, "Hodi." Na mimi, mdomo ukitangulia akili, nikamjibu, "Karibu, shemeji."

Hukusikia. Yeye alisikia. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua akaifuta tena, mpaka ulipoingia.

Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Sikulipanga. Lakini shemeji ni mume wa nani? Ni mume wa dada. Yeye hana undugu nami wowote, hajaoa kwetu wala mimi sijaolewa kwao. Kama ni shemeji yangu, basi ni kwa njia moja tu. Mama alinizaa mimi na kaka, akafunga hesabu. Dada sikuwahi kuwa naye, sikujua hata anakaaje ndani ya moyo, na sasa katika umri huu nimepewa mmoja mwenye masizi kwenye kucha na unga wa vioo puani. Basi watu wakikuuliza yule fundi wa pampu ni nani wako, waambie hilo. Wifi nitaendelea kukuita, maana ulimi umezoea.

Nimeomba likizo, nimepewa ya Desemba. Nitakuja na basi la Ijumaa. Nikiingia uani nikasimama kimya, usiniulize kitu na usimruhusu mama aniulize. Nipe muda wangu. Kisha itoe pikipiki nje, na wewe upande nyuma. Nitakuendesha mimi.

Spana